Chipu Zilizopofuka

Jumatatu, 3 Machi

Chipu kumi na mbili leo. Kuosha kwa tindikali, kusuuza, kukausha kwa naitrojeni, tone la kingamwili juu ya kila moja, kusubiri. Shingo inauma. Chipu moja ni ndogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Moja iliruka nilipopiga chafya. Sikuiona tena. Kumi na moja basi.

Neema ana insha ya shule: kazi ya mzazi wangu. Nimemweleza hivi. Ndani ya chipu kuna njia nyembamba sana ambamo mwanga unapita, na njia hiyo inazunguka kama pete. Juu ya pete nashikiza kingamwili. Hizo zinakamata protini moja tu, nyingine zote zinaziacha. Damu ya mama mjamzito ikipita hapo, protini ya kifafa cha mimba inanasa, na mwanga ulio kwenye pete unasogea rangi kidogo mno. Jicho halioni. Mashine inaona. Pembeni iko pete ya pili isiyo na kingamwili, ya kulinganishia. Basi. Amesikiliza yote hayo, akaandika: "Mama yangu anatega protini." Sikusahihisha kitu.

Kaka Wafula alipita saa tisa na chapati mbili kwenye gazeti. Yeye ndiye mkuu wa mradi, Daktari Wafula kwa wengine. Kwangu ni Kaka. Miaka sita iliyopita alinikuta nyuma ya kanisa Kansanga nikiuza vitenge, na digrii ya kemia ya Bukavu ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuna mtu Kampala aliyewahi kutaka kuiona. Yeye aliomba aione. Neema alipobatizwa, yeye ndiye aliyesimama kama baba wa ubatizo. Bado ananicheka nikisema "aksanti". Mimi namcheka Kiswahili chake cha Bungoma.

Mvua. Nimefika nyumbani viatu vimejaa maji.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeogopa leo.

Nilitaka tu kujaribu bomba jipya la mashine. Sikutaka kuharibu chipu mpya, nikachukua tano za zamani kwenye droo. Nikapitisha ile sampuli yenye protini nyingi, ambayo jibu lake tunalijua. Mwanga haukusogea. Nikadhani bomba limeziba. Nikaweka chipu ya Jumatatu: mstari ukapanda vizuri kabisa. Nikarudi kwenye za zamani. Nikarudia mpaka saa kumi na moja.

Za wiki mbili zinaona nusu. Za wiki tatu hazioni kitu. Kingamwili zimekufa juu ya pete. Joto labda, umeme unakatika kila siku na friji inapoa inavyotaka. Au ni gundi ninayozishikizia. Gundi hiyo niliibuni mimi.

Na chipu iliyokufa haisemi imekufa. Inatoa jibu lile lile la mama mwenye afya: hakuna kitu, nenda nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwonyesha Kaka Wafula grafu zote tano. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati.

"Dada, umefanya vizuri kuiona mapema."

Niliogopa atakasirika. Hakukasirika. Akaniambia niandike kila kitu kwenye daftari la maabara. Nimejaza ukurasa mzima, hamsini na tatu, na chini kabisa nikaandika: chipu isitumike baada ya siku kumi. Akatia sahihi na tarehe. Kliniki itapewa mpya tu, amesema. Wafadhili wanakuja mwisho wa Aprili, hawezi kubahatisha.

Nimetembea kutoka maabara yetu Bugolobi mpaka barabara kuu nikiimba. Ukiwaletea habari mbaya kuhusu kazi yao wenyewe, wengi wangekasirika. Huyu hakukasirika. Nimempikia Neema samaki.

Jumatano, 12 Machi

Mama Aline alikuja kuazima mwiko, akakaa saa nzima. Ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na tunaimba pamoja kwaya. Mimba ya miezi saba. Miguu imevimba, inapita viatu. Nimemwambia aende kliniki ya akina mama pale barabara ya Ggaba, kule ambako chipu zetu zinajaribiwa. Hakutaka. Damu yake kutolewa bure kwa ajili ya utafiti wa watu! Nikamwambia ni tone tu, na jibu ni dakika ishirini.

"Ni kazi ya mikono yangu," nikamwambia. "Ningekuwa mimi ndiye mwenye mimba, ningeenda."

Akakubali. Nilifurahi kama niliyeuza kitu.

Jumatano, 19 Machi

Kuna jambo linanisumbua. Karatasi ya kliniki imefika: mwezi huu wamepima akina mama thelathini na wanane. Chipu nilizotengeneza mwezi huu na kutuma ni ishirini na tatu. Chipu moja hupima mama mmoja tu, hesabu haiingii. Nilienda ofisini kwa Kaka Wafula, yuko kwenye simu na wafadhili, akanipungia mkono nisubiri. Nilisubiri dakika kumi, nikarudi kwenye benchi. Labda kuna sanduku sijui habari zake. Nitauliza kesho.

Mama Aline amepimwa leo asubuhi, ndiye wa mwisho kwenye karatasi hiyo. Ametuma ujumbe: chipu inasema niko salama, aksanti sana jirani. Na vile vimikono vinavyosali.

Jumatatu, 24 Machi

Sikuuliza. Alhamisi sikuuliza, Ijumaa sikuuliza.

Leo saa kumi na mbili asubuhi Aline amegonga mlango, hana viatu. Mama yake yuko chini jikoni. Nimemkuta anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka, povu. Kifafa cha mimba. Nimekisoma miaka minne, sikuwahi kukiona. Baba mwenye nyumba ametoa gari. Nilikaa nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, na barabara imefungana tangu kwenye taa. Mtu wa boda ametufungulia njia kwa matusi, Mungu ambariki.

Wamempasua. Mtoto ni wa kiume, kilo moja na kidogo. Wote wawili wanapumua. Mama hajaamka.

Dada yake alikuja kutoka Ntinda akaniuliza: si alipimwa juzi? Nikasema ndiyo. 

Jumanne, 25 Machi

Nimeenda kliniki kabla ya kazi. Sista Nalubega, mkunga wao, alikuwa ameshasikia. Ni mama wa Kiganda, mnene, na Kiswahili chake anasema alikipata kwa mumewe askari. Aliniambia siku ile presha ya Mama Aline ilikuwa juu kidogo. Alitaka kupima mkojo.

"Lakini kalatasi yenu mpya inasema chipu peke yake inatosha, mama aludi nyumbani. Mimi iko nafanya nini?"

Karatasi gani mpya? Akanionyesha. Tarehe 10 Machi. Mpango tuliopewa ruhusa nao unasema chipu, presha na mkojo pamoja, kila mama, kila mara. Hii inasema chipu ikitoa jibu safi, vipimo vingine visifanywe. Sahihi ni ya Kaka Wafula.

Nikaomba kuona chipu. Sanduku liko kabatini, halijafunguliwa tangu apimwe Mama Aline. Lebo inasema 10 Machi, mwandiko si wangu. Kona ya lebo imeinuka. Nikaivuta kwa ukucha.

Chini yake lebo yangu. Mwandiko wangu. 4 Februari.

Sista akaniuliza kwa nini nimekaa chini. Sikujua kama nimekaa.

Jumatano, 26 Machi

Nimeziweka lebo zote mbili mezani kwa Kaka Wafula. Hakukana. Hilo ndilo lililoniumiza kwanza, kwamba hakukana.

"Zilikuwa zimebaki sitini na kitu," akasema. "Ningezitupa, utafiti ungesimama miezi miwili. Wafadhili wangeondoka."

"Na karatasi?"

"Walitaka kuona chipu inasimama peke yake."

"Kaka, ulitia sahihi ukurasa wangu. Uliona grafu."

Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto aliyechoka. "Dada, tulia. Tutalipanga. Mama yuko hai, mtoto yuko hai."

Nilitoka kwenda kuchukua daftari. Ukurasa wa hamsini na mbili upo. Wa hamsini na tano upo. Karatasi ya katikati imekatwa kwa wembe, safi, karibu kabisa na mshono. Ukilifungua haraka huoni kitu.

Nimelipeleka mpaka mlangoni kwake. Nimesimama pale nikiwa nimelishika wazi. Aliinua macho, akaliona, akarudi kwenye kompyuta yake.

Miaka sita. Chapati kwenye gazeti miaka sita.

Alhamisi, 27 Machi

Sikuenda kazini. Mama Aline ameamka. Haoni vizuri, wanasema itarudi. Sikuingia wodini. Nilimpa dada yake uji mlangoni.

Jumanne, 1 Aprili

Barua. Sahihi ni ya Kaka Wafula, imeletwa kwenye benchi langu na sekretari, ambaye hakuniangalia usoni.

Inasema tukio la kliniki limetokana na "udhaifu wa uso wa chipu ambao fundi anayehusika hakuutolea taarifa". Fundi ni mimi. Mkataba unasema mtafiti msaidizi, barua inasema fundi. Inasema gundi ni yangu, uhifadhi ni wangu, lebo ni jukumu langu. Nimesimamishwa kuanzia Ijumaa. Kamati ya maadili itaniita tarehe tisa. Aya ya mwisho inakumbusha kwamba ninaishi hapa kwa kadi ya mkimbizi, na kwamba "ushirikiano wangu utazingatiwa".

Hiyo aya ya mwisho niliisoma mara nyingi. Kadi hiyo yeye mwenyewe alinisindikiza kwenda kuifanya upya, mara mbili, tukasimama foleni juani, akaninunulia soda. Anajua naogopa nini. Nilimwambia mimi mwenyewe.

Namchukia. Nimeliandika ili nilione. Namchukia, na leo mchana nilipokuwa na njaa masikio yangu bado yalisikiliza hatua zake kwenye korido.

Alhamisi, 3 Aprili

Siku ya mwisho ya kuingia maabara. Nilikuwa napanga vitu vyangu: koti, kikombe, picha ya Neema. Halafu nikakumbuka jambo ambalo watu wa karatasi hawalikumbuki. Mashine inaandika yenyewe. Kila chipu inayowekwa, kila pete, mstari mzima wa mwanga, namba ya chipu, saa, na jina la aliyeingia.

Nimefungua. Za 6 Machi zipo zote. Chipu tano, tena na tena, mistari imelala kama maji ya sinia. Jina langu, mpaka saa kumi na moja jioni.

Na pembeni, safu inayoonyesha nani aliyafungua mafaili mara ya mwisho. Wafula. Jumamosi, 8 Machi, saa nne asubuhi. Alikuja siku ya mapumziko, peke yake, akazisoma zote tano. Kwa hiyo hakuharakishwa. Hakuchanganyikiwa. Alikaa akaangalia vizuri, kisha Jumatatu akabandika lebo.

Tarehe nane ilikuwa Siku ya Wanawake. Nimetafuta kwenye simu. Ujumbe wake upo: "Heri ya siku yako, dada shujaa." Saa nne na dakika ishirini.

Nimelia chooni. Nimenawa. Nimenakili kila kitu kwenye flashi mbili. Moja nimempa Sista Nalubega, ameiweka ndani ya sidiria akasema hapo hakuna mtu ataingia.

Jumapili, 6 Aprili

Sikwenda kanisani. Neema ameuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Nimefikiria kunyamaza. Naandika ukweli. Kamati ikiniamini, mradi unakufa na kazi inakufa. Isiponiamini, napoteza kadi. Nikinyamaza na kukubali kosa dogo la uhifadhi, labda ananirudisha baada ya miezi mitatu. Nimefikiria hilo toka kifungua kinywa mpaka chakula cha mchana.

Kisha nimekumbuka wale thelathini na saba wengine. Mimba zinakua. Kila mmoja ana ujumbe kwenye simu unaosema yuko salama.

Jumatano, 9 Aprili

Kamati. Watu watano, meza ndefu, feni inayopiga kelele. Mwenyekiti ni mama mtu mzima, anauliza polepole na anaandika kwa kalamu ya risasi. Kiingereza changu kilikwama mara mbili. Akasubiri.

Nimeonyesha mistari. Nimeonyesha daftari lenye jeraha. Nimeonyesha safu ya majina. Sista Nalubega alikuja na sare yake na daftari la shule ambamo huandika presha za kila mama kwa mkono wake, karatasi ziseme zisiseme. Akalisoma jina la Mama Aline na namba zake, kwa sauti ya kanisani.

Kaka Wafula alikaa mbele yangu. Sikumwita Kaka. Nilisema Daktari Wafula, na mara ya kwanza nilipolisema akainua kichwa.

Mwenyekiti akamuuliza mwandiko wa lebo ya juu ni wa nani. Aliivuta lebo karibu, akaitazama. 

"Ni wangu," akasema.

Kisha mwenyekiti akanigeukia mimi. Niliona idadi haiendani tangu tarehe kumi na tisa? Ndiyo. Nilimwambia mtu? Hapana. Kwa nini? Nikasema nilimwamini. Akaandika. Hakunifariji, na sikustahili.

Utafiti umesimamishwa. Wajawazito wote waliopimwa wataitwa kuanzia kesho. Sista atapiga simu, mimi nitamsaidia, bila mshahara wala cheo. Nimefika nyumbani nimelala na koti.

Jumatatu, 14 Aprili

Thelathini na watano wamepatikana. Mmoja alishajifungua salama Masaka. Mwingine simu haipatikani, Sista ametuma mtu mpaka kwao, amempata anafua nguo, mzima.

Wawili walikutwa na presha juu na protini kwenye mkojo. Wamelazwa. Mmoja ana miaka kumi na tisa. Alikuwa anaumwa kichwa wiki nzima, hakusema, kwa sababu chipu ilisema yuko salama.

Nilimshika mkono kwenye teksi mpaka hospitali. Alidhani mimi ni nesi.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda kwa Mama Aline. Amerudi nyumbani lakini mtoto bado yuko wodini, anaenda mara mbili kwa siku kumfunga kifuani, ngozi kwa ngozi. Amepungua. Alikuwa anapanga nepi.

Nimemwambia yote. Kwamba chipu ilikuwa ya Februari. Kwamba nilijua za zamani hazioni. Kwamba niliona idadi na sikuuliza. Sikulitanguliza jina la Wafula. Nililisema mahali pake, baada ya langu.

Hakulia wala hakupiga kelele. Aliendelea na nepi.

"Ni wewe njo ulinituma," akasema kwa Kiswahili cha kwetu.

"Ni mimi."

"Ulisema kazi ya mikono yako."

"Nilisema."

Akamaliza nepi zote. Akazitia kwenye mfuko. Akasema hawezi kuimba karibu na mimi kwa sasa, nisimame upande wa pili, na Neema aendelee kuja kucheza na Aline kwa sababu watoto hawana kosa. Nikasema sawa. Mlangoni akaniambia mtoto amefika kilo moja na nusu. Sikuwa nimeuliza. Niliogopa kuuliza.

Jumamosi, 19 Aprili

Simu ya Wafula mara nne. Ya tano nimepokea.  Alisema wamemwachisha kazi, anarudi Bungoma mwezi ujao. Alisema alikuwa na mpango wa kunitetea baadaye, mambo yakitulia. Alisema ukurasa hakuuchana, ameuhifadhi nyumbani. Kana kwamba hilo ni zuri zaidi.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia aupeleke kwa kamati. Nikakata.

Jumapili, 27 Aprili

Misa ya Kiswahili. Nimesimama upande wa pili wa kwaya, na sauti ya tatu. Mama Aline hakuniangalia, lakini alipokosea ubeti wa pili tulikosea pamoja.

Wafula alikuwa safu ya tatu, shati jeupe. Wakati wa kupeana amani watu waligeuka kama kawaida. Kwaya tulikuwa tumekaa karibu na njia. Alikuja. Neema yuko pembeni yangu, anamtazama, bado anampenda, bado sijamwambia yote.

"Amani, dada."

Nilimpa mkono. Wake ulikuwa na jasho. Neno sikulitoa. Alisubiri kidogo, kisha akamsalimia Neema, akarudi kwenye safu yake.

Tumetembea nyumbani bila mvua. Nimetwanga sombe, majani ya muhogo. Neema amefanya hesabu zake mezani. Mchana nimelala kwa saa mbili, sikuota kitu.